Pikipiki Iliyorudi Kutoka Harusini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu kazi ya mikono yake, akampa jicho la kuuona ufa katika chuma kabla chuma hakijakatika, na akamsitiria makosa yake mpaka akafika umri wa kuyasimulia mwenyewe. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Namshukuru Mola kwa magoti ambayo bado yanakubali kusujudu ingawa yanalalamika, na kwa vidole tisa na nusu vilivyonibakia baada ya miaka zaidi ya arobaini ya kutengeneza pikipiki. Nusu ya pili ilikwenda na mnyororo, na kosa lilikuwa langu.

Vijana wangu, nawaandikia ninyi mnaokaa chini ya maturubai kuanzia Chumbageni mpaka Pongwe, mnaofungua injini mbili kabla ya adhuhuri huku simu imebanwa begani. Mna mikono myepesi kuliko yetu. Sisi tulingojea spea miezi, ninyi mnaletewa kwa bodaboda kabla chai haijapoa. Lakini huwa napita, nawatazama, naona mnafunga kava bila kuweka alama yoyote ndani. Nikiwauliza mnacheka. “Maalim Fundi, alama ya nini? Mteja atarudi mwenyewe ikiharibika.” Basi kaeni niwaeleze alama ni ya nini.

Kazi nilijifunzia kwenye karakana ya shamba la mkonge, upande wa Muheza, chini ya Mzee Mhina, Mungu amrehemu. Alikuwa Mbondei mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kunusa mafuta ya injini kama mtu anavyonusa mchuzi. Sheria yake ilikuwa moja. Kila fundi aliyefungua injini alipaswa, kabla hajaifunga, agonge alama yake upande wa ndani wa kava, mahali ambapo hapaonekani mpaka fundi mwingine afungue tena. Alama ya Mzee Mhina ilikuwa mistari miwili iliyolala sambamba kama reli. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni kwa maalim wangu, bado nina wino wa kuandikia aya za kombe vidoleni, nikachagua nukta tatu, zimepangwa kama zile zinazokaa juu ya herufi shini, herufi inayoanza neno shukrani. Mzee Mhina akazitazama akasema zinafaa, ila nisije nikadhani nukta zitanifanyia kazi.

“Ukifungua, weka alama,” alituambia. “Ukiona haya kuweka alama, usifungue.”

Miezi miwili baadaye ikaletwa pikipiki ya nyapara, injini imekufa kwa kukosa mafuta. Kila mmoja akamtazama Mdigo mmoja tuliyekuwa naye, kwa sababu alikuwa mgeni na mgeni hana wa kumtetea. Mzee Mhina akafungua kava. Ndani mkawa na nukta tatu, mpya, zinang’aa. Nilikuwa nimemwaga mafuta machafu nikasahau kutia masafi. Hakunifokea. Alinipa debe tupu la mafuta, akaniambia nisiliweke chini mpaka magharibi. Nikazunguka nalo siku nzima, nikala nalo, nikaenda nalo kutawadha, wenzangu wakiniuliza kama nauza ya taa. Siku ile nilijifunza kwamba alama inakutetea na inakushitaki vilevile, na ndiyo maana wavivu hawaipendi.

Sasa niwaambie habari ya Bwana Nasoro.

Bwana Nasoro ni mtu wa Raskazone, wa katika zile familia zenye asili ya Omani, umri wake na wangu unalingana. Watu wengine hufuga njiwa, yeye alifuga pikipiki kongwe. Alikuwa nazo tano katika banda nyuma ya nyumba, zote zimefunikwa mashuka meupe, hata ukiingia unadhani umeingia wodini. Nne alizinunua kwa watu mbalimbali. Ya tano ilikuwa ya marehemu baba yake: ya Kiingereza, nyeusi, silinda moja, tangi lina mstari wa dhahabu uliochorwa kwa mkono. Baba yake aliendea nayo shamba la minazi upande wa Mkwaja, enzi ambazo barabara ile ilikuwa mchanga mtupu. Ubavuni ilikuwa na mkoba wa ngozi wenye spana za mzee yule, mipini imelainika kwa kiganja chake. Iliwahi kuletwa kwenye karakana ya mkonge, Mzee Mhina akaifungua, kwa hiyo ndani mwake mlikuwa na reli yake. Baadaye ikawa mikononi mwangu, nami kila nilipoifungua niliongeza nukta zangu. Zilikuwa safu nne.

Pikipiki za namna ile huvuja. Hazivuji kwa ubovu, ndivyo zilivyozaliwa. Basi chini ya injini Bwana Nasoro aliweka kifuu cha nazi kukinga matone, na aliyekuwa na kazi ya kukimwaga alikuwa Hamza.

Hamza alikuwa mlinzi wa nyumba ile kwa miaka kumi na mmoja. Mtu wa Mkwaja, mfupi, mcheshi, mwenye binti mmoja kijijini aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Habari za binti yule tulizijua zote, hata homa zake. Mwaka ninaousimulia Hamza alikuwa na furaha ya pekee, maana posa ilikuwa imeletwa na watu wa heshima na kukubaliwa, na nikaha ilikuwa ikingoja mfungo upite.

Mwaka huohuo ndipo wezi walipoingia mjini. Kwanza ilipotea pikipiki ya daktari mmoja mstaafu hapa Chumbageni, ya Kijerumani, aliyoitunza sebuleni karibu na kabati la vyombo. Aliondoka kwenda kuswali Ijumaa, akarudi akakuta kufuli lipo, mlango upo, pikipiki haipo. Walikuwa wameung’oa mlango kwenye bawaba upande wa pili, wakaurudisha mahali pake kwa adabu. Mwizi wa bodaboda, vijana wangu, ana haraka, anataka spea ziwe sokoni Jumatatu. Mwizi wa pikipiki kongwe ni mtu wa subira. Anasoma, anauliza, anakuja kukujulia hali ukiugua. Ana mteja wake mbali huko anayejua mpaka sauti ya chombo anachokitaka.

Baada ya hapo kila mwenye kitu cha zamani akaanza kumtazama jirani yake. Bwana Nasoro alinunua makufuli matatu makubwa ya ufunguo wa aina moja, ufunguo mmoja akauvaa shingoni, wa pili akanikabidhi mimi, amana, na wa tatu akamwachia Hamza wa kuingilia kufanya usafi. Alimshuku muuza maji. Alimshuku fundi wa umeme kwa sababu alisifu mlango. Mwadhini wa msikiti wao alipomwuliza kwa wema kama vile vyombo bado vinatembea, jioni yake akanipigia simu kuniuliza kwa nini mwadhini anataka kujua. Nikamwambia mwadhini yule hata baiskeli hajui kuendesha. Akasema, ndiyo maana.

Mimi nilicheka, lakini nami nilikuwa nimeambukizwa. Nikipita karibu na banda nikamwona Hamza anaongea na simu kwa Kizigua, nilisimama kidogo nisikilize, ilhali Kizigua nakisikia nusu nusu. Nakumbuka nilisikia neno harusi, nikaona haya, nikaendelea na njia.

Kati ya watu wote tuliowashuku, mmoja hatukumshuku, naye ndiye aliyekuwa amekuja kutuibia.

Alijiita Faraji. Kanzu safi, maneno machache, akiswali nasi safu ya mbele na hatoki mbio imamu akishatoa salamu. Sala yake siisemi, hiyo ni kati yake na Mola wake. Alisema ana ukoo Muheza na anafanya kazi ya spea Dar es Salaam. Akaja bandani mara nne. Watu wa kawaida wakiona pikipiki kongwe huuliza inakwenda kasi gani, au wanaomba wapigwe picha wamepanda. Yeye hakuuliza hayo. Aliinama, akapitisha mkono chini ya injini, akasema, “Maalim, hii imewahi kufunguliwa?”

Hapo ndipo nilipopaswa kufunga mdomo. Badala yake nikajaa kama puto. Nikamweleza tangi lilipakwa rangi lini, bolti gani ni ngumu, namba ya chasisi imekaa wapi. Alipotaka kuipiga picha ile namba nikamshikia taa ya simu, na tambara nikampa afute vumbi isomeke vizuri. Miaka yote ile nilikuwa nasifiwa na watu wasiojua nilichokifanya. Akaja mtu mmoja anayejua, nikamwachia mlango wazi. Neno moja tu halikunitoka, habari ya nukta, kwa sababu hiyo ni siri ya karakana na mwenye chombo tu, na ulimi wangu ulikuwa umeizoea siri ile.

Haikupita muda Faraji akaja na ombi. Kuna harusi Muheza, bwana harusi ni ndugu yake, anaomba chombo kile cha heshima kimbebe siku ya kwenda kuoa, siku tatu tu. Ninyi ni watu wa Tanga, mnajua: kitu kikiombwa kwa ajili ya harusi hakinyimwi. Tunaazimana sufuria, mikeka, vitanda, hata chumba. Bwana Nasoro, pamoja na makufuli yake matatu, hakuweza kusema hapana. Alisema baba yake angemlaani. Pikipiki ikapandishwa kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ikafungwa kamba vizuri, ikaenda.

Siku ya tatu ikarudi. Bwana Nasoro alikuwa ameondoka kwenda kutibiwa macho, mimi ndiye niliyeachiwa kuipokea. Kirikuu kikaja na Faraji, na pembeni ya dereva ameketi mzee wa makamo ya baba yangu, mjomba wa bi harusi, mtu wa kweli, ana ndevu nyeupe na mkongojo. Wameleta sinia la halua na khanga ya kumpa mke wangu. Pikipiki imeoshwa inang’aa. Mzee akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaanza kunishukuru na kuniombea dua.

Niambieni, ningeinama chini ya injini mbele ya mzee yule? Ningefungua mkoba nihesabu spana huku anasema amina? Kwetu kufanya hivyo ni kuwaambia watu, ninyi ni wezi. Nikapokea kwa mikono miwili. Nikasema, “Mmerudisha salama, Mungu awazidishie.” Nikaisukuma bandani, nikaitandika shuka lake, nikafunga makufuli matatu. Kiki sikuipiga.

Bwana Nasoro aliporudi macho yake yalikuwa bado yana ukungu. Akaingia bandani kwa kupapasa, kama alivyokuwa akifanya kila akirudi safari, akatia mkono kwenye mkoba wa ngozi kuzishika spana za baba yake. Mkoba ulikuwa mtupu.

Akaniita. Nikamkuta amekaa kwenye kiti, mkoba uko magotini. Hamza amesimama mlangoni.

“Fundi,” aliniuliza, “uliipokea kamili?”

Wanangu, jibu lilikuwa jepesi. Ningesema, sijui, sikutazama. Lakini fundi wa miaka arobaini, anayeitwa maalim, anayewafundisha watoto msikitini maana ya amana, aseme hakutazama? Nikajibu, “Niliipokea kamili.”

Neno likatoka, likakaa. Kama niliipokea kamili, basi aliyetoa spana ni mtu aliyekuwa na banda usiku na mchana, na mtu huyo alikuwa mmoja. Bwana Nasoro akageuza uso kuelekea mlangoni. Hamza akaniangalia mimi, si yeye. Akafungua kinywa, akataka kusema jambo kuhusu kifuu, akaambiwa afungashe vitu vyake. Nilikuwepo. Nikatazama sakafu.

Nilijituliza kwa dhana. Nikajiambia, nani ajuaye, huenda kweli alizichukua, harusi ya binti ina mambo mengi. Nikakumbuka zile simu za Kizigua. Mtu akitaka kumshuku mwenzake hakosi ushahidi, hata kucheka kwake kutakuwa ushahidi.

Wiki tatu hazijapita, alasiri moja Hamza akaja nyumbani kwangu Chumbageni. Siku ile mke wangu, Bi Mwanaidi, alikuwa uani anapokea sufuria zake zilizotoka kwenye shughuli ya jirani. Hamza akatoa shikamoo, nikaitikia, akakataa kiti. Amekonda.

“Maalim,” alisema, “wale watu wa posa wamerudi nyuma. Wameambiwa mkwe wao ni mwizi. Mwanangu hatoki ndani.”

Nikasema Mungu ataleta kheri.

“Ataleta. Lakini wewe ulisema uliipokea kamili. Mimi kile kifuu ndiye nilikuwa nakimwaga kila Ijumaa, miaka kumi na mmoja. Tangu pikipiki irudi harusini mpaka mnanifukuza sikumwaga hata tone. Kilikuwa kikavu. Nilitaka kuwaambia siku ile. Hamkuniuliza, mliniangalia tu.”

Nikataka kumwambia labda waliikaza vizuri walipoiosha. Kabla sijamaliza sentensi, uani sauti ya mke wangu ikasikika, anamwambia mtoto wa jirani kwa upole kabisa, “Hii si yangu, mwanangu. Ya kwangu ina rangi nyekundu chini, karibu na mpini. Hii haina. Mwambie mama aitazame vizuri, zimebadilishana.”

Nilitoka nikasimama mlangoni. Sufuria aliyoishika ilikuwa nzuri kuliko zake zote, mpya, inang’aa. Ameigeuza chini juu, anatazama kitako chake, na wala hakuona haya yoyote. Wanawake wetu wote hufanya hivyo. Kila nyumba ina alama yake chini ya sufuria, mkwaruzo wa msumari au doa la rangi, na chombo kikirudi kutoka kwenye shughuli kwanza hugeuzwa. Hakuna anayekasirika. Mimi nilikuwa nimepokea chombo kwa kukitazama usoni.

Bi Mwanaidi akaniona nimesimama. Akauliza, “Wewe una nini?” Nikamwambia nimepoteza sufuria ya watu.

Asubuhi yake nikaenda Raskazone na mkoba wangu wa spana za zamani, zile za inchi. Shikeni hili liwafae: pikipiki za Kiingereza za miaka ile bolti zake ni za vipimo vyao wenyewe, spana zenu za milimita hazikai sawasawa. Nikaweka spana yangu kwenye bolti ya kava, ikateleza. Nikajaribu nyingine, ikateleza. Nikatoa ya milimita, ikakaa kama iliyopimwa. Namba ilikuwa sahihi, tarakimu kwa tarakimu, imegongwa vizuri kutoka kwenye picha ile niliyomshikia taa. Rangi sahihi. Hata mstari wa dhahabu kwenye tangi ulipinda kidogo vilevile, kama uliochorwa kwa mkono. Nikavua kava, nikaligeuza kwenye mwanga wa mlango.

Ndani palikuwa pasafi. Hapana reli ya Mzee Mhina, hapana nukta zangu. Ilikuwa moja ya zile za Kihindi za umbo lilelile, imevishwa nguo za marehemu.

Nikakaa kwenye sakafu. Sitawaficha nilichokiwaza. Niliwaza kwamba Bwana Nasoro haoni vizuri. Kwamba chombo hiki kinawaka vizuri kuliko kile, wala hakivuji. Kwamba nikirudisha kava, hakuna mtu Tanga hii atakayelifungua ila mimi, na nikifa habari imekwisha. Niliwaza hivyo mpaka adhana ya adhuhuri ikaanza. Ndipo nilipokumbuka debe la Mzee Mhina. Nikaona bora nilibebe lile debe hapa, watu wakinitazama, kuliko nilibebe kule mbele.

Nikamwita Bwana Nasoro. Nikamshika mkono, nikakiweka kidole chake ndani ya kava, mahali ambapo yeye mwenyewe alizoea kukipitisha nilipokuwa nikimwonyesha.

“Tafuta,” nilimwambia.

Akatafuta, taratibu, mara mbili. “Pasafi,” alisema.

“Pasafi mno. Hii si pikipiki ya baba yako. Ilibadilishwa harusini. Nilikuambia niliipokea kamili, na sikuitazama. Hamza hana kosa.”

Sikumwona akilia, lakini kidole hakukitoa ndani ya kava. Kisha akanyoosha kiganja. “Nipe ufunguo.”

Nikampa.

Polisi walitafuta. Watu wa harusi walikuwa wa kweli, maskini, wanalia nao. Faraji waliletewa na mtu aliyemjua mtu, akajitolea chombo cha kifahari, nani atakataa? Simu yake haikupatikana tena. Waliniita na mimi mara mbili. Waliuliza kwa heshima, mzee huku, mzee kule, lakini swali lilikuwa lilelile: aliyejua namba iko wapi ni nani, aliyekuwa na ufunguo ni nani, aliyeipokea ni nani? Nikajibu, ni mimi, ni mimi, ni mimi. Nikirudi nyumbani nilijua watu kibarazani wanapunguza sauti nikipita. Nikawaza, hiki ndicho Hamza alichokuwa akikila, na yeye hakuwa hata na kosa la kukishushia.

Ijumaa iliyofuata tulikwenda Mkwaja, mimi na Bwana Nasoro, ndani ya gari moja. Tukavuka kwa pantoni pale Pangani. Tulipokanyaga ng’ambo ya pili akasema, “Utasema wewe au nitasema mimi?” Nikamwambia nitasema mimi, kwa sababu uongo ulikuwa wangu.

Baada ya swala imamu akaniruhusu, nikasimama. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, na aya kadhaa, maana hiyo ndiyo kazi ya ulimi wangu. Yote yakanikimbia. Nikasema kwamba mimi ni fundi Bakari wa Chumbageni, kwamba nilipokea chombo bila kukitazama, nikasema nimekitazama, na neno langu likamfanya Hamza aitwe mwizi. Nikasema Hamza ni msafi, aliyetia doa ni mimi, na yeyote aliyemdhania vibaya kwa sababu yangu anisamehe mimi na amwombe yeye radhi. Baba wa mposaji alikuwa safu ya tatu. Akasimama, akatembea mpaka kwa Hamza, akamshika mkono. Hamza akanitazama mimi juu ya bega la mzee yule, akaitikia kwa kichwa, kidogo tu.

Nikaha ilifungwa mwezi uliofuata. Nilialikwa, nikaenda na Bi Mwanaidi na sufuria zake kubwa mbili za kuazima. Wakati wa kurudisha vyombo, mbele ya wazee wote wa Mkwaja, nikaipokea ya kwanza, nikaigeuza, nikatazama kitako. Wakacheka. Hamza ndiye aliyecheka zaidi. “Mtazameni Maalim,” alisema, “amekwisha kuwa fundi sasa.”

Hakurudi kazini Raskazone, ingawa Bwana Nasoro alimwomba kwa kinywa chake. Alisema nyumba iliyokwisha kukuita mwizi huwezi kuilinda, utakuwa unajilinda wewe. Alibaki Mkwaja na minazi yake. Ufunguo nao sikurudishiwa, wala sikuudai. Nikienda bandani Bwana Nasoro hunifungulia mwenyewe, tunakunywa kahawa, halafu anafunga mwenyewe. Ile bandia bado imesimama pale, polisi walipomaliza nayo walimwachia. Chini yake ameweka kifuu kilekile. Nilimwuliza cha nini, akasema, “Cha kunikumbusha kuuliza.”

Pikipiki ya baba yake haijaonekana mpaka leo ninapoandika. Nimestaafu, karakana nimeifunga, lakini najua mahali fulani, pengine ng’ambo ya bahari, iko katika banda la mtu tajiri anayeitandika shuka, na inamvujia sakafuni. Chombo kama kile hakikai miaka mingi bila kufunguliwa, na atakayekifungua ni fundi. Huenda atakuwa mmoja wenu, maana vijana wa Tanga mmetawanyika mpaka Muskati. Basi mkivua kava la injini nyeusi ya Kiingereza, mkakuta ndani mistari miwili kama reli, na chini yake nukta tatu tatu, safu nne, msifunge mkanyamaza. Ni amana ya watu wa Raskazone. Na kama mwizi naye anasoma haya, akakimbilia kwenda kuzisaga nukta, ajue ipo alama nyingine. Mahali pake nimemwambia mtu mmoja tu, naye hajaniuliza kwa nini nimemchagua yeye. Anaishi Mkwaja.

Ewe Mola, mbariki asomaye haya. Mpe mkono mwepesi na ulimi mzito. Mkinge na aibu inayomzuia kutazama, na dhana inayomfanya aone kisichokuwepo. Amana zake zirudi zilivyotoka, na siku atakapofunguliwa yeye, ikutwe ndani yake alama aliyoiweka kwa haki. Amina.